Kisakinishi Kikikosa Jibu, Kisibahatishe

Leo nataka tuzungumzie kile kidirisha ambacho sote tumekizoea. Unabofya Endelea, unabofya tena Endelea, unasubiri mstari wa kijani ujae, kisha unaambiwa programu imesakinishwa. Unafunga dirisha na kuendelea na shughuli zako. Ni wachache wanaojiuliza: je, ni kweli? Kisakinishi kimeyafanya yote kinayodai kuyafanya?

Msimamo wangu nautoa mapema ili tusizungushane. Kisakinishi kinachoiuliza Windows swali, kikajibiwa "hapana", kisha kikabahatisha na kuendelea kana kwamba hakuna lililotokea, ni kisakinishi kibaya. Haijalishi kina picha za kupendeza kiasi gani. Na mzigo wa jambo hili ni wa mtunga skripti ya kusakinisha. Si wa mwenye duka, si wa fundi wa mtaani, na mara nyingi si wa Windows.

Tuanze na msingi, kwa sababu najua si wote mnaoandika programu. Zamani programu nyingi za Windows ziliweka mipangilio yake kwenye mafaili madogo ya INI, kila moja na lake. Rejista ilianza kwa umbo dogo katika Windows 3.1 mwaka 1992, kisha Windows NT na Windows 95 zikaifanya kuwa ghala kuu la mipangilio ya tarakilishi nzima. Ifikirie kama kabati la mafaili ofisini. Droo moja inaitwa HKEY_LOCAL_MACHINE, kwa kifupi HKLM, nayo huweka mambo yanayohusu mashine yote. Nyingine ni HKEY_CURRENT_USER, yaani HKCU, nayo huweka mambo ya mtumiaji mmoja. Ndani ya droo kuna funguo, ambazo zinafanana sana na folda, na ndani ya funguo kuna thamani: folda ya data iko wapi, toleo ni lipi, lugha ni ipi.

Kisakinishi ni skripti inayonakili mafaili na kujaza kabati hilo. Zana mbili zinazojulikana sana ni Inno Setup, ambayo Jordan Russell aliitoa kwa mara ya kwanza mwaka 1997, na NSIS, iliyozaliwa katika kampuni ya Nullsoft, wale wale waliotupa Winamp. Zote mbili zina amri zake za kusoma na kuandika rejista. Lakini pia zinamruhusu mwandishi wa skripti kuita moja kwa moja funksheni za Windows zilizomo katika faili la advapi32.dll: RegOpenKeyEx ya kufungua ufunguo, RegQueryValueEx ya kusoma thamani, RegSetValueEx ya kuandika na RegCloseKey ya kufunga.

Kila moja ya funksheni hizi hujibu kwa nambari. Sifuri maana yake imefaulu. Nambari nyingine yoyote ni habari, na habari hiyo ina maana maalum. 2 ni kwamba ulichokitafuta hakipo. 5 ni kwamba huna ruhusa. 87 ni kwamba umepeleka kigezo kisichofaa. 234 ni kwamba data ni kubwa kuliko chombo ulicholeta kuipokelea. Hapo tayari una nusu ya uchunguzi bila kutoka jasho! Tahadhari moja tu: nambari hiyo hurudishwa na funksheni yenyewe. Wapo wanaoipuuza, kisha wanaita GetLastError kama walivyozoea kwa funksheni nyingine za Windows. Wanachoambulia huenda ni mabaki ya kosa la zamani lisilohusika kabisa, na wanashinda siku nzima wakifukuza kivuli.

Sasa mfano. Kuna mama mwenye duka la vifaa vya ujenzi ambaye hutumia programu ya mauzo. Ndani yake mna orodha ya bidhaa na, muhimu zaidi, daftari la madeni ya mafundi wanaochukua simiti na mabati kwa mkopo. Kampuni iliyomuuzia programu ikamletea toleo jipya. Kisakinishi kikamaliza, kikasema kila kitu kiko sawa. Alipofungua programu akakuta bidhaa sifuri, wateja sifuri, madeni sifuri. Miaka minne ya kazi haionekani. Fundi wa kwanza aliyeitwa alishauri mashine ifomatiwe na Windows ianze upya. Bahati nzuri mama alikataa. Nilipofika aliniuliza swali moja tu: "Kijana wangu, madeni yangu yako wapi?"

Madeni yalikuwa pale pale. Faili la hifadhidata la zamani lilikuwa zima kabisa kwenye diski D. Tatizo ni kwamba programu mpya haikujua liko huko, kwa sababu kisakinishi kilipaswa kusoma anwani yake kwenye rejista nacho hakikuisoma. Nilifungua Process Monitor, chombo cha Sysinternals ambacho Microsoft hukitoa bure, nikaendesha kisakinishi upya kwenye mashine ya majaribio yenye nakala ya mipangilio ile. Process Monitor huonyesha kila swali ambalo programu inaiuliza rejista, pamoja na jibu lake. Kati ya maelfu ya mistari, mmoja ulinifanya nitabasamu. Kisakinishi kiliomba kufunguliwa HKLM\S. Si HKLM\Software na kinachofuata. S peke yake, herufi moja! Na Windows ikajibu kwa haki kabisa: ufunguo kama huo haupo.

Herufi nyingine zilikwenda wapi? Skripti, ambayo kampuni ilikubali kunionyesha, ilikuwa inaita RegOpenKeyExA. Hiyo A ya mwisho inaonyesha kwamba funksheni hii inasubiri maandishi ya mtindo wa zamani, baiti moja kwa kila herufi za kawaida, na baiti ya sifuri ikiwa alama ya mwisho. Lakini skripti hiyo ya miaka mingi ilikuwa imejengwa upya kwa Inno Setup 6, ambayo hutumia Unikodi peke yake. Huko herufi S huchukua baiti mbili, na ya pili ni sifuri. Funksheni ikasoma S, ikaona sifuri, ikadhani neno limeisha. Tiba ni kuita RegOpenKeyExW, au bora zaidi kuacha kuita funksheni moja kwa moja na kutumia amri ya Inno Setup yenyewe, RegQueryStringValue, ambayo inajua mambo haya yote.

Sasa nisikilizeni vizuri. Kosa hilo la herufi halinikasirishi. Zana hubadilika, skripti huzeeka, ni mambo ya kazi. Kinachonikasirisha ni mistari iliyofuata. Skripti ilisema hivi: kama jibu si sifuri, basi huyu ni mteja mpya, mtengenezee hifadhidata tupu, kisha andika anwani yake kwenye rejista. Anwani ya zamani ikafutwa na mpya ikakaa mahali pake. Yaani kisakinishi hakikujua, kikabahatisha, na kwa kubahatisha kikavunja kielekezi pekee kilichokuwa kinaonyesha daftari la madeni liliko. Kisha kikatangaza ushindi.

Laiti kingesimama na kusema, "Sikuweza kupata data yako ya zamani. Je, unayo?" mama angejibu ndiyo, na jambo lingeishia hapo. Kurekebisha anwani kulichukua muda mfupi kuliko kunywa kikombe cha chai. Lakini fikiria kama mashine ile ingefomatiwa yote, pamoja na diski D. Simiti ile yote iliyokopwa, nani angekumbuka deni lake kwa hiari?

Tabia hii ya kubahatisha ina sura nyingi. Chukua PATH, ile orodha ya folda ambamo Windows hutafuta programu. Visakinishi vingi hupenda kuongeza folda yao humo. NSIS ya kawaida ina kikomo cha herufi 1024 kwa kila maandishi inayoshika. PATH ikiwa ndefu kuliko hapo, kusoma huharibika: unachopata ama kimekatwa ama ni kitupu. Skripti isiyouliza maswali huchukua hicho kilichorudi, huongeza folda yake mwishoni, na kukiandika juu ya orodha nzima. Zana nyingine zilizokuwa zikifanya kazi jana, leo hazionekani. Mwenye tarakilishi atalaumu virusi. Kumbe ni mgeni aliyeambiwa aache viatu mlangoni, akapanga upya nyumba nzima.

Kwa hiyo nambari ya jibu ni lazima isomwe na iheshimiwe. Lakini nisiwadanganye: sifuri nayo haitoshi. Kuna nyakati Windows hujibu "imefaulu" na bado umeandika mahali pasipofaa. Yafuatayo ni maswali ninayojiuliza kila ninapochunguza skripti inayogombana na rejista.

La kwanza: niko upande gani wa kabati? Kwenye Windows ya biti 64, programu ya biti 32 inayoomba HKLM\Software hupelekwa kimya kimya kwenye HKLM\Software\WOW6432Node. Kwa miaka mingi visakinishi vya Inno Setup na NSIS vimekuwa programu za biti 32, hata vinapobeba programu ya biti 64. Matokeo yake, skripti inaweza kuandika upande mmoja na programu ikasoma upande mwingine, kila mmoja akiapa kwamba yeye hana kosa. Na wote wanasema kweli! Ukiita funksheni moja kwa moja, ongeza KEY_WOW64_64KEY kwenye ruhusa unazoomba. Kwenye NSIS tumia SetRegView 64, na kwenye Inno Setup taja HKLM64. Wala usidhani jambo hili linapita: Windows 11 haina toleo la biti 32, kwa hiyo kila kisakinishi cha biti 32 kinachoendeshwa humo kinakutana na mlango huu.

La pili: mimi ni nani? Ofisini mfanyakazi wa kawaida hana haki za msimamizi. Kisakinishi kinapoomba ruhusa, mtu wa IT huja na kuandika jina na nywila yake mwenyewe. Kuanzia hapo HKCU si ya mfanyakazi tena, ni ya mtu wa IT. Mipangilio yote iliyoandikwa humo itamngoja mtu ambaye hatatumia programu hiyo kamwe. Nambari ya jibu? Sifuri. Ndiyo maana nasema kisakinishi kinachofanya kazi kwa haki za msimamizi kiachane na HKCU. Mipangilio ya mtumiaji iandikwe na programu yenyewe, siku mtumiaji huyo atakapoifungua kwa mara ya kwanza.

La tatu: nimeomba ruhusa ipi? Ni jambo la kushangaza jinsi skripti nyingi zinavyoomba KEY_ALL_ACCESS, yaani ruhusa zote, kwa ajili ya kusoma tu nambari ya toleo. Mtumiaji wa kawaida akijaribu hivyo kwenye HKLM atapata 5. Mwandishi anaona 5, anamwambia mteja aendeshe kisakinishi kama msimamizi, na kosa linatoweka. Lakini dawa sahihi ilikuwa KEY_READ! Huombi funguo za nyumba nzima ili kuangalia saa ukutani.

Kinyume chake nacho kipo. Tangu Windows Vista ya mwaka 2007, programu ya zamani ya biti 32 isiyotangaza kiwango cha ruhusa inachohitaji, inapojaribu kuandika HKLM\Software bila haki, inaweza isipewe 5. Maandishi yake huelekezwa kwenye kona ya siri iliyo chini ya HKCU\Software\Classes\VirtualStore. Inaamini imeiandikia mashine nzima, kumbe imemwandikia mtumiaji mmoja. Mwingine akiingia kwenye mashine hiyo hiyo, hakioni kitu.

La nne: nimehesabu herufi au baiti? RegSetValueEx inataka urefu wa data kwa baiti, pamoja na alama ya mwisho. Ukiita ile ya W na kumpa idadi ya herufi, itaandika nusu ya maandishi yako na kujibu sifuri. Ukiona kwenye rejista anwani ya folda iliyokatika katikati kabisa, usitafute mbali.

Maswali haya manne yana dawa moja inayoyafunika yote: ukishaandika, soma tena ulichoandika, na usome kwa jicho la yule atakayekitumia. Kwenye dirisha la amri unaweza kutumia reg query ukiongeza /reg:64 au /reg:32 uone pande zote mbili. Na mkanganyiko ukizidi, fungua Process Monitor, chuja kwa jina la kisakinishi chako, uangalie si kile ulichodhani umeuliza bali kile ambacho Windows ilisikia. Tofauti ya hivyo viwili ndiyo hitilafu yenyewe.

Najua kuna watakaopinga. Nimewahi kuambiwa na wenzangu kwamba wateja hawataki kuona nambari za makosa, zinawatisha, zinaifanya programu ionekane dhaifu. Hoja hii naielewa lakini siikubali. Hakuna anayemlazimisha mtu kumwonyesha muuza duka nambari 5 na kumwacha hapo. Mwandikie sentensi ya kawaida: "Nimeshindwa kuhifadhi mipangilio. Tafadhali mpigie aliyekuuzia programu hii umsomee nambari ifuatayo." Kisha weka kila kitu kwenye faili la kumbukumbu: ufunguo ulioombwa, upande ulioombwa, nambari iliyojibiwa. Inno Setup ina swichi ya /LOG inayokufanyia sehemu kubwa ya kazi hiyo. Mficha maradhi kifo humuumbua, na programu inayoficha makosa huumbuka mbele ya mteja, siku mbaya kuliko zote.

Wengine watasema tiba rahisi ipo: zima kinga ya virusi, endesha kama msimamizi, ikishindikana fomati. Ushauri huu umeenea mitaani mpaka umekuwa kama sala. Tatizo lake ni kwamba mara nyingine unafanya kazi, na kwa hiyo hakuna anayejifunza chochote. Unamzoesha mtu asiye na ujuzi kufungua milango yote kila anapoambiwa. Leo anaifungulia programu halali yenye skripti mbovu. Kesho atamfungulia mwizi, kwa sababu mwizi naye ataomba kwa maneno yale yale.

Basi ninaomba nini? Kwa watunga programu wenzangu: tumieni amri za rejista za zana yenu kabla ya kukimbilia kuita funksheni wenyewe. Mkiita wenyewe, someni nambari. Msichukulie 2 na 5 kama kitu kimoja, maana "hakipo" na "hujaruhusiwa kukiona" ni habari mbili tofauti kabisa. Hata 2 isiwe kibali cha kufuta: panapohusika data ya mteja, "sikuipata" si sawa na "haipo". Simameni, mwulizeni mwenye mali. Na msiandike juu ya thamani ya zamani kabla ya kuihifadhi mahali pengine.

Kwa mafundi: kabla ya kufomati, tafuteni data iko wapi na mfanye nakala. Kisha angalieni rejista pande zote mbili. Dakika kumi za Process Monitor zinaweza kuokoa kazi ya miaka.

Na kwa wewe unayenunua programu ya duka, ya zahanati au ya shule: muulize muuzaji swali hili kabla ya kutoa pesa. "Toleo jipya likishindwa kuipata data yangu ya zamani, litafanya nini?" Akikujibu kwamba haliwezi kushindwa, funga pochi yako. Akikujibu kwamba litasimama, likuambie, na lisiguse chochote, huyo unaweza kufanya naye biashara.

Haya, mimi nimesema yangu. Wenye uzoefu wa visakinishi vinavyobahatisha, nipeni visa vyenu tuvichambue pamoja. Nambari za makosa zinakaribishwa!